Kurudi kutembea Lamu baada ya kubadilishiwa nyonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu aliyewekewa nyonga bandia nzima, akaruhusiwa hospitalini, na sasa anarudi Mkomani, Langoni, Shela au Matondoni. Karatasi ya maelekezo anayopewa huwa imeandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye kiti kirefu, choo cha kukalia na lifti. Kwetu shughuli nyingi hufanyika chini: kula, kusali, kukuna nazi, kwenda chooni. Kwa hiyo maswali mengi hapa yanahusu kimo cha vitu. Daktari wako akikwambia kinyume cha tuliyoandika, mfuate yeye, maana ndiye aliyeuona mfupa.

Ndani ya nyonga wamefanya nini hasa, na kwa nini inaweza kuchomoka?

Kichwa cha mfupa wa paja kilicholika au kuvunjika hukatwa. Shina la chuma hupigiliwa ndani ya paja, juu yake huwekwa kichwa kipya cha chuma au cha kauri, na kwenye fupanyonga huwekwa kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu. Hakuna parafujo wala kamba inayofunga kichwa ndani ya kikombe. Kinachokishika ni misuli na kifuko cha nyama ngumu kinachozunguka kiungo, na vitu hivyo ndivyo daktari alivyolazimika kuvikata au kuvipanua ili aingie. Vikishashonwa huhitaji wiki 6 hadi 12 kushika sawasawa.

Kama umepasuliwa kwa nyuma, upande wa tako, usifanye mambo matatu. Usikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani goti lisipande juu ya nyonga wala kifua kisishuke kuelekea goti. Usipishanishe miguu. Usigeuze vidole vya mguu huo kwa ndani. Hatari kubwa ni yote matatu kwa pamoja, na ndiyo hasa mtu anayofanya anapoinama kando ya kiti kuokota kandambili.

Kama umepasuliwa kwa mbele, makatazo ni mengine: usipeleke mguu nyuma kwa hatua ndefu huku umegeuza vidole nje. Usiondoke hospitalini bila kuuliza umepasuliwa upande gani. Jirani yako aliyefanyiwa mwaka jana huenda alipewa masharti tofauti, na hakukosea.

Kiti, kitanda na choo viwe na kimo gani?

Msimamishe mgonjwa akiwa amevaa viatu vyake vya kawaida, upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Ongeza sentimita 5. Mkunjo ukiwa sentimita 45, basi kiti, kitanda na choo vyote viwe 50. Pima mto ukiwa umekaliwa, kwa sababu sponji la inchi nne likikaliwa hubaki nusu.

Kiti kiwe na mikono miwili ya kusukumia. Kiti cha plastiki cha kawaida ni kifupi, na miguu yake hutanuka juu ya sakafu laini. Ukikosa kingine, kisukume hadi kigote ukutani. Baraza za mawe za daka (kiingilio cha nyumba) nyingi ni fupi na hazina pa kushika, kwa hiyo mazungumzo ya jioni usikilize ukiwa kwenye kiti chako. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai, kwani mtu huzama katikati na nyonga ikakunjika bila yeye kujua. Kamba zikazwe upya na ubao utandikwe chini ya godoro. Samadari ya kizamani ina shida ya upande wa pili: ni ndefu hata miguu haifiki chini, nayo kupanda kwa kijingazi ni kutafuta kuanguka.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Tufanyeje?

Hili ndilo la kushughulikia kwanza, kabla hata ya tarehe ya upasuaji. Kuchuchumaa hukunja nyonga kupita kiasi chote kinachoruhusiwa, na hakuna namna ya kuchuchumaa kidogo.

Mpe fundi seremala vipimo hivi: fremu ya mbao ngumu yenye miguu minne, kimo kile ulichopima, mikono pande zote mbili iliyo juu ya mahali pa kukalia kwa sentimita 20 hivi, na tundu la sentimita 25 kwa 20 lililopigwa msasa na kupakwa vanishi ili lisifyonze maji. Miguu ivalishwe mpira. Ule wa tairi kuukuu unatosha kama umepigiliwa misumari ambayo vichwa vyake vimezama. Fremu isimame juu ya tundu la choo bila kutikisika, na mtu mzima mwenye uzito kuliko mgonjwa aijaribu kwanza. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu huonekana kama njia ya mkato, lakini kikishakatwa katikati hupoteza nguvu na hupasuka siku ambayo hakuna mtu karibu.

Sehemu inayosahaulika ni kujitawadha. Kopo likiwa sakafuni, mtu atajipinda kulichukua, na mpindo huo ndio unaochomoa. Weka kopo na ndoo juu ya stuli upande wa mguu mzima, yaani usiopasuliwa, karibu na mkono. Vivyo hivyo wakati wa kuoga: keti kwenye kiti, ndoo iwe juu, na mwenzako akuoshee kuanzia magoti kwenda chini kwa wiki za mwanzo.

Nitasali vipi?

Kwa kukaa kwenye kiti cha kimo ulichopima. Mtu akishakaa, nyonga yake tayari iko karibu na pembe mraba, kwa hiyo rukuu na sijida ziwe kwa ishara ya kichwa, mgongo ukibaki umenyooka. Wazee wengi huona haya kutofika chini, wakainamisha kifua hadi karibu na magoti. Huko ndiko tunakokataza. Kiti cha msikitini mara nyingi ni kifupi, basi peleka chako na kiachwe huko.

Kwenye udhu, usinyanyue mguu kuuweka juu ya goti la pili wala usiinamie bomba. Kaa, mguu uwe mbele yako, na mtu amimine. Suala la kupaka maji juu ya bandeji muulize imamu wako. Kuhusu kurudi kusujudu chini na kukaa tahiyatu, wapo wanaoruhusiwa baada ya miezi kadhaa na wapo wasioruhusiwa kabisa. Mfiziotherapia akufundishe kwanza jinsi ya kushuka kwa kupiga goti la mguu uliopasuliwa huku umeshika kiti, na jinsi ya kuinuka.

Na kufunga Ramadhani?

Ikiangukia ndani ya mwezi wa kwanza, zungumza na daktari kabla hujanuia. Maji yakipungua mwilini damu hukaribia zaidi kuganda, na dawa za maumivu za kila saa 6 haziwezi kubanwa kati ya futari na daku. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Siku za mwanzo nifanye mazoezi gani?

Ukiwa umelala chali: pandisha na ushushe nyayo mara 10 kila saa unapokuwa macho, ili damu ya shavu la mguu isisimame. Kaza msuli wa paja kwa kulikandamiza goti kitandani, hesabu hadi 5, legeza, mara 10. Bana matako kwa hesabu hiyo hiyo. Burura kisigino kuelekea tako bila kuliacha goti lipinduke ndani, usifike pembe mraba. Telezesha mguu kando na uurudishe, vidole vikitazama juu. Mfuko wa nailoni chini ya kisigino hurahisisha. Seti mara tatu kwa siku.

Ukishasimama imara, shika ukingo wa meza nzito: peleka mguu kando, peleka nyuma kidogo (aliyepasuliwa mbele aulize kwanza), nyanyua goti bila kupita kiuno. Zoezi la kando ndilo linalochosha na ndilo linalorukwa zaidi. Msuli wa ubavu wa nyonga ndio unaozuia kiuno kushuka kila unapoinua mguu mwingine. Ukibaki dhaifu, mtu hutembea akiyumba upande mmoja hata baada ya maumivu kwisha, kisha akadhani nyonga imewekwa vibaya.

Nitembee kiasi gani?

Hospitalini wengi husimama siku hiyo hiyo au kesho yake. Nyumbani anza na dakika 5, mara nne au tano kwa siku, ukiongeza dakika chache kila baada ya siku mbili tatu. Kipimo ni uvimbe wa asubuhi. Mguu ukivimba jioni na ukapungua ukilala, endelea. Ukiamka nao umevimba vile vile, punguza nusu siku hiyo. Barafu husaidia: hata ile ya wauza samaki inafaa, mradi iwe ndani ya mfuko usiovuja na kitambaa kikavu juu ya ngozi, dakika 15 hadi 20.

Fremu ya kutembelea kwanza, kisha magongo mawili, kisha bakora moja. Usikimbilie bakora kwa sababu ya macho ya watu. Urefu wake: ukisimama wima mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Bakora za heshima za hapa mara nyingi ni ndefu kuliko hivyo na nchani zina chuma. Zikatwe na zivishwe mpira, au ziachwe ukutani hadi arusi.

Bakora hushikwa mkono ulio kinyume na nyonga iliyopasuliwa. Watu hupenda kuishika upande unaouma, wakauegemeza mwili wote juu ya kiungo kipya. Ukishindwa kutembea kutoka chumbani hadi uani bila kuchechemea, hujafika wakati wa kuiacha.

Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba na vipandio havilingani. Naweza kulala juu?

Kwa wiki mbili za kwanza hamishia kitanda chini kama pana nafasi. Ikiwa hapana, panda asubuhi au jioni mara moja, mtu akiwa nyuma yako unapopanda na mbele yako unapokwenda chini. Kupanda: mguu mzima, kisha uliopasuliwa, kisha gongo. Kushuka: gongo, kisha mguu uliopasuliwa, kisha mzima. Kipandio kimoja kwa miguu yote miwili kabla ya kinachofuata. Vipandio vya mawe vya zaidi ya sentimita 20 hulazimisha goti kupanda sana. Fundi anaweza kuweka kibao cha nusu kipandio, kikafungwa kisisogee. Upande usio na ukuta uwekwe kamba nene au bomba la kushika. Kamba iliyolegea ni mbaya kuliko kukosa kamba.

Usisahau kizingiti. Milango ya kale ina kizingiti kirefu ambacho mwenye nyumba amekiruka tangu utotoni bila kukitazama. Weka kibao kipana kila upande ili kiwe kama ngazi ya vipandio viwili, na utumie mpango ule ule wa miguu.

Njiani je? Punda, mifereji, mikokoteni?

Subiri hadi uwe na magongo mawili unayoyamudu, kisha toka saa ambazo njia ni tupu: baada ya alfajiri au wakati watu wamelala mchana. Punda akija na mzigo wa mawe, simama, upe ukuta mgongo, gongo lako liwe upande wa nje. Usijaribu kupishana naye ukitembea. Mzigo ni mpana kuliko punda. Unapogeuka kona, piga hatua ndogo ndogo. Usizunguke juu ya mguu uliopasuliwa, kwani mwili ukigeuka na mguu ukabaki, ni sawa na kugeuza vidole ndani.

Viatu viwe na kamba nyuma ya kisigino na soli ya mpira. Kandambili na makubadhi huachia. Buibui au kanzu ipandishwe pindo juu ya kifundo, na suruali ivaliwe kwa kuanzia mguu uliopasuliwa, ivuliwe kwa kumalizia huo. Kikoi ni rahisi kuliko vyote.

Nitavukaje kwa boti?

Boti lenyewe si tatizo kubwa kama kipandio cha jeti. Panga safari wakati maji yamejaa, boti likiwa karibu kulingana na jeti. Maji yakipwa, hasa ya bamvu (yanapopwa mno), utashuka vipandio vingi ambavyo vya chini vimeota mwani, na hapo hata mwenye nyonga zake mbili za kuzaliwa huteleza. Kama safari haiwezi kusubiri saa ya maji kujaa, siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, zichague.

Mwambie nahodha kabla, si ukiwa ukingoni. Watu wawili wawe ndani ya boti na mmoja jetini. Injini izimwe au ishikilie boti limegota. Keti ukingoni kwanza kama boti limelingana, ugeuke na miguu yote pamoja. Wanaokushika wakamate kiunoni na kwapani. Mtu akikuvuta mkono, mwili hujipinda. Ubao wa kukalia wa boti ni mfupi, basi chukua mito miwili migumu, na unyooshe mguu mbele. Kipindi cha kusi bahari ya mlangoni huchafuka. Boti linalodundadunda liache liende. Kwenda Mokowe, upande wa bara, chagua boti kubwa la polepole kuliko la kasi.

Barabarani kuelekea Witu, Garsen na Malindi, simama kila saa moja utembee dakika 5. Kwenye gari dogo, kaa mbele, kiti kirudishwe nyuma hadi mwisho na kulazwa kidogo. Ingia kwa kuanza na makalio, kisha miguu yote pamoja. Mfuko wa nailoni juu ya kiti hukusaidia kuteleza, lakini uondoe kabla gari haijaondoka. Kwenye basi, mguu uliopasuliwa uwe upande wa njia.

Punda na bodaboda: hapana, hadi daktari aseme, na hilo ni la miezi.

Jikoni nirudi lini?

Kupika ukiwa umesimama kwenye meza, baada ya wiki tatu au nne kwa wengi, kwa vipindi vifupi. Jiko la makaa lipandishwe juu ya meza ya mawe. Mbuzi ya kukunia nazi inakatazwa kwa muda mrefu: ni kiti cha chini kabisa, mtu huinama mbele na miguu hukaa kombo. Vijana wa nyumbani wakune. Dumu la lita 20 ni kilo 20, nalo hubebwa upande mmoja. Usilibebe katika miezi mitatu ya mwanzo.

Mkandaji wetu anajua mifupa. Anaweza kunichua mguu?

Usiruhusu achue nyonga, paja wala shavu la mguu. Damu ikiwa imeganda ndani ya mshipa, kukandwa kunaweza kuing'oa ikasafiri hadi mapafuni, na huo ni mauti ya ghafla. Kuvuta mguu nako kunaweza kuchomoa kiungo. Mafuta ya moto karibu na kidonda hulainisha ngozi na kufungua njia ya vijidudu. Mkono wa mkandaji una kazi yake mahali pengine: mabega na mikono huuma sana kwa kubeba magongo, huko achue anavyotaka.

Dawa nizitumie hadi lini?

Dawa ya kuzuia damu isigande huendelea nyumbani, mara nyingi hadi siku 35 hivi tangu upasuaji. Imalize hata kama unatembea vizuri, na hakikisha umeinunua yote kabla hujavuka kuja kisiwani. Panadoli (paracetamol) kwa mtu mzima ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na dawa za mafua zenye paracetamol zihesabiwe humo. Diclofenac na ibuprofen usijinunulie dukani ukiwa kwenye dawa ya damu. Pamoja huweza kuleta kutokwa na damu tumboni. Dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo papai na maji mengi.

Nina selimundu na bado kijana. Kuna tofauti?

Ipo. Pwani si wazee pekee wanaobadilishiwa nyonga. Selimundu huziba vijishipa vya kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa na kubonyea, hata kwa mtu wa miaka ishirini na kitu. Kunywa maji zaidi ya wenzako, jifunike usiku upepo wa kusi unapovuma, na usiache dawa zako za kila siku. Jihadhari na kuhesabu kila maumivu ya nyonga kuwa ni yale ya selimundu uliyoyazoea. Homa ya kufika nyuzi 38 na maumivu ya nyonga iliyopasuliwa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha unayo.

Naona mguu mmoja umekuwa mrefu. Wamekosea?

Mara nyingi kiuno kilikuwa kimezoea kuinama upande wa nyonga mbovu, na sasa kinavutwa kurudi. Hisia hiyo hupungua kwa muda wa miezi mitatu hivi. Usiongeze soli kabla ya hapo, utakizuia kiuno kunyooka. Ikibaki, daktari apime kwa picha.

Kulala, kuogelea, tendo la ndoa?

Lala chali, mto katikati ya mapaja. Ukilala ubavu, uwe ule mzima, mto ukibaki mahali pake hadi kwenye vifundo. Bahari baada ya kidonda kufunga kabisa, kwa kawaida wiki 6 na zaidi, na uingie mahali pasipo mawimbi. Ufuo wa Shela una mchanga mgumu maji yakipwa, mzuri kwa kutembea, ila mchanga mlaini wa juu huchosha nyonga haraka. Tendo la ndoa, wiki 6 hadi 8 kwa wengi, aliyepasuliwa akiwa chini, chali, mapaja yasikunjwe sana. Muulizeni daktari bila kuona haya, huulizwa kila siku.

Nikihisi imechomoka usiku, nifanye nini?

Dalili: maumivu makali ya ghafla, pengine na mlio, mguu umefupika na kugeuka, huwezi kuukanyaga. Usisimame na mtu asiuvute. Mlazeni kwenye ubao au mlango uliotolewa bawaba, mito ikishika mguu vile ulivyokaa, apelekwe hospitali ya King Fahd. Kutoka Shela ni boti hadi mjini. Asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akahitaji usingizi wa dawa ili kiungo kirudishwe. Chukueni picha za eksirei na kadi ya upasuaji.

Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, au pumzi ikakatika na kifua kuchoma, ni dharura ya damu kuganda. Kidonda kikitoa usaha au maji baada ya kuwa kimekauka, kikawa chekundu na cha moto, nenda siku hiyo. Usimeze antibiotiki za dukani kabla hujaonwa, zitaficha vijidudu kwenye vipimo.

Itadumu miaka mingapi?

Nyonga za namna hii zinatokana na kazi ya John Charnley wa Uingereza, aliyeanza kutumia kikombe cha plastiki ngumu mwaka 1962 huko Wrightington. Zaidi ya nusu hudumu miaka 25. Kinachoila ni uzito wa mwili, kuruka na kubeba, na miaka yenyewe.

Uwanja wa ndege wa Manda mashine ya kukagua chuma italia?

Huenda ikalia. Mwambie askari mapema, atapitisha kile kifaa cha mkononi. Ukifika kabla ya wengine utapata pia nafasi ya kupanda ngazi ya ndege bila kusukumwa. Mguu mzima kwanza.